Kidega Hakutoka Msituni

Watu wa Kyebando walimfahamu Maimunah kwa sambusa zake kabla hawajamfahamu kwa lililompata. Alikuwa mwanamke wa maungo manene, mwepesi wa kucheka, Mnubi wa Bombo ambaye babu wa babu yake aliletwa Uganda na jeshi la Waingereza, bunduki begani, na Sudan hakuiona tena. Kwao Bombo msichana alitarajiwa aolewe na Mnubi mwenzake, au angalau na Mwislamu. Maimunah akaolewa na Kidega, Mwacholi wa Kitgum, Mkatoliki, mpiga tarumbeta katika bendi ya polisi.

Walionana siku ya sikukuu, bendi ikipita barabarani na Maimunah amesimama na dada zake pembeni. Kijana mmoja mrefu, mashavu yamevimba kwa pumzi, alimtupia jicho juu ya tarumbeta lake, na pale pale akaukosea wimbo. Wenzake walicheka huku wanapiga. Jioni yake akaja kumtafuta, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Wewe naharibu kazi yangu mbele ya wakubwa. Sasa lazima wewe nalipa."

"Nilipe nini?"

"Jina tu."

Baba yake Maimunah hakuhudhuria arusi. Hapakuwa na shehe wala padri. Waliandikishwa kwenye ofisi ya serikali, kisha wakaenda kula pilau kwa rafiki. Maimunah aliendelea na swala zake, mume na misa zake. Mke hakujua Kiacholi, mume hakujua Kinubi, basi nyumba yao ikawa nyumba ya Kiswahili, na hata walipogombana waligombana kwa Kiswahili hicho hicho kilichopinda, mpaka mmoja akacheka. Mungu akawapa mtoto mmoja, Alal, msichana aliyelelewa kwenye nyumba za bati za kambini, kila asubuhi akiamshwa na tarumbeta.

Kidega alipostaafu walihamia Kyebando. Nyumba ilikuwa ndogo lakini ilikuwa yao. Mzee akawa anafundisha vijana wa kanisani kupiga tarumbeta, mkewe anakaanga sambusa barazani, na maisha yakawa hayana la kulalamikiwa sana. Kisha ugonjwa wa sukari ukampata Kidega. Alianza kukonda, akawa anakunywa maji kama gari lililopasuka rejeta. Daktari akamwandikia sindano, akamkataza soda, na mwisho akamwambia: "Mzee, utembee. Dawa peke yake haitoshi."

Kidega alitembea. Alitembea mpaka pembeni ya duka, walikokaa wazee wenzake wakicheza mweso, bao la Kiganda, akakaa. Jioni alirudi akasema amefanya mazoezi.

Alal ndiye aliyeleta habari za msitu. Alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni moja ya bima mjini, na wenzake wa ofisini walikuwa na kikundi cha kutembea kila Jumamosi. Upande wa barabara ya Mityana, nje kidogo ya jiji, kulikuwa na msitu mdogo uitwao Kisirye, wenye njia zilizofyekwa kwa ajili ya wageni. Njia nyepesi kuliko zote waliiita Njia ya Jaja, maana hata bibi kizee angeimaliza bila kuhema. Iliingia msituni, ikazunguka, ikavuka daraja la mbao, ikarudi pale pale ilipoanzia. Miti ilipakwa alama za rangi ya manjano, hivi kwamba hata mtoto asingepotea.

"Baba, hapo hakuna mlima," Alal alimwambia. "Ni kivuli na ndege tu."

Kidega akamgeukia mkewe. "Mama Alal, sikia huyu. Mimi nazaliwa karibu na msitu. Wakati wa vita nakimbilia msituni. Sasa mtoto yangu narudisha mimi msituni, na mlangoni nalipa!"

Walicheka wote watatu. Jumamosi iliyofuata wakaenda.

Kulikuwa kumenyesha usiku, na msitu ulinuka majani mabichi. Mwongozaji wao alikuwa mama mmoja Mgisu aitwaye Nabalayo, amevaa buti za mpira na kofia ya kijani, na alitembea mbele akiwaonyesha hondohondo juu ya mivule, na kima wenye mikia myekundu waliokuwa wakirushiana matunda. Vijana wa ofisini walipiga picha. Kidega alivaa buti zake za zamani za polisi, taulo dogo shingoni, na kwa muda alionekana kufurahi. Alikuwa akipuliza wimbo wa gwaride kwa mdomo, na mguu wake wenyewe ukafuata mapigo. Maimunah aliyekuwa ubavuni mwake alifikiri: kumbe tungekuja zamani.

Walipokuwa wamepita nusu ya njia, mzee akaanza kubaki nyuma. Palikuwa na gogo kubwa lililoanguka kando. Akakaa.

"Umechoka, Baba Alal?"

"Mimi hapana choka. Buti nabana. Nyinyi endelea, mimi nakuja."

"Nikusubiri."

"Nenda, bwana! Njia ni moja. Mimi napotea wapi?"

Alal, aliyekuwa mbele kidogo, akaita, "Mama, mwache apumzike, tutamngoja darajani." Maimunah akaenda. Kabla ya kona aligeuka. Mumewe alikuwa ameinama anafungua kamba za buti, na alipohisi anatazamwa aliinua mkono bila kuinua kichwa. Kona ikamficha.

Darajani walisubiri. Vijana walikunywa maji, wakatania, wakatazama vipepeo. Baadaye Maimunah akasema, "Huyu mzee amelala nini?" Nabalayo akarudi kumchukua. Alichukua muda. Aliporudi alikuwa peke yake, tena anakwenda mbio, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hajapita hapa?"

"Apite vipi bila sisi kumwona?"

Gogo lilikuwa pale. Kidega hakuwapo, buti hazikuwapo, taulo halikuwapo.

Waliita. Mwanzoni waliita kama watu wanaomwita mtu aliyejificha kwa mzaha, kisha wakaita kwa namna nyingine. Waliipekua njia yote, mbele na nyuma, wakaingia pembeni mpaka miiba ikawachana mikono. Walinzi wa msitu wakaja, na wanakijiji, na jioni polisi. Asubuhi aliletwa mbwa, lakini alfajiri ilikuwa imepiga mvua kubwa, na mbwa alilizunguka gogo akakaa chini, akamtazama polisi aliyemleta. Upande wa chini msitu ulikwisha kwenye kinamasi cha mafunjo, kipana, kisichokanyagika, na watu walisimama ukingoni wakichoma matope kwa miti mirefu. Hawakupata kitu. Hata kifungo hakikuonekana.

Daktari aliwaeleza kwamba mwenye kudungwa sindano za sukari, akitembea bila kula vya kutosha, damu yake huweza kuishiwa sukari ghafla. Akili huvurugika. Mtu huyo husimama na kwenda kama mlevi, hajui aendako, hata jina lake hulisahau. Maimunah alisikiliza kwa utulivu. Asubuhi ile mumewe alikunywa chai kavu, akakataa muhogo, akisema atakula wakirudi.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema mzee ana mke mwingine Kitgum, amemkimbilia. Wengine walisema ametekwa, viungo vyake vimeuzwa kwa waganga. Mwanamke mmoja wa Bwaise, ambaye hakuwa akimjua hata kwa sura, alikuja barazani akamwambia ameoteshwa: mzee yuko hai, anapiga muziki kwenye nyumba kubwa yenye lango jeupe. Maimunah alimpa sambusa, akamshukuru, akalia mpaka jioni.

Polisi wakaacha kutafuta. Yeye hakuacha. Kila Jumamosi alifunga gurbaba yake, shuka la Kinubi alilojitanda kichwani na mabegani, akajaza chupa chai yenye sukari nyingi, akaenda Kisirye. Chai ilikuwa ya Kidega. Akimkuta amedhoofika chini ya mti, angemnywesha kwanza ndipo amwulize maswali. Alijua kwamba fikra hiyo haikuwa na akili. Aliijaza chupa vile vile.

Walinzi walimzoea, wakaacha kumtoza kiingilio. Nabalayo, akiwa hana wageni, alitembea naye. Hawakuongea sana. Mara moja tu, wakiwa wamesimama ukingoni mwa mafunjo, Nabalayo alisema, "Dada, mimi ndiye nilikuwa mbele. Mwongozaji mzuri huangalia wa mwisho."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu nalala nayo."

Maimunah alimshika mkono. Huruma aliyomwonea mgeni huyu aliikosa kwa mwanawe, na hilo ndilo lililomvunja zaidi baadaye. Maana siku za mwanzo, nyumba imejaa watu, Alal alimjia jikoni, akasema, "Mama, ni mimi niliyemleta. Sema kitu." Alichotaka ni kuambiwa hapana, si wewe. Maimunah alikuwa hajalala, macho yamemvimba, na ulimi ukamponyoka:

"Niseme nini? Wewe na kutembea kwako."

Basi. Maneno sita. Alal alichukua sinia la vikombe akatoka nalo kwa wageni. Tangu siku hiyo waliongea kuhusu maji, umeme na dawa. Maimunah alijaribu kulifuta neno lile kwa kumpikia, kwa kumfulia, kwa kumsubiri mlangoni akitoka kazini. Kuomba radhi kwa mdomo alishindwa. Kila alipotaka kuanza aliona kwamba akilitaja tena atalifufua. Mwaka ulipogeuka, Alal akapata kazi kwenye shirika moja huko Juba. Aliaga asubuhi, akamkumbatia mama yake kwa upole, kama mtu anayemkumbatia mgonjwa aliyefungwa bendeji.

Nyumba ikabaki na Maimunah na tarumbeta lililotundikwa ukutani.

Kaka yake, Tamim, alimshauri akaonane na shehe mmoja wa Old Kampala, mtu mwenye elimu na huruma, ajue ahesabiwe vipi, mjane au mke wa mtu. Walimkuta amekaa nje ya duka la jamaa yake, akawaletea viti. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza nikaha ilifungwa wapi. Maimunah akamwambia ukweli.

Shehe akawa anapangusa magoti yake ingawa hayakuwa na vumbi.

"Mama yangu," akasema, "eda ni haki ya ndoa, na ndoa kwa sheria yetu ina mlango wake. Nyinyi hamkupitia mlango huo. Siwezi kukwambia uanze eda, wala siwezi kukwambia imekwisha. Lakini huzuni yako Mungu anaiona."

"Kwa hiyo mimi ni nani kwake?"

"Kwa serikali ni mkewe."

"Serikali ndiyo iliyoacha kumtafuta," Maimunah akasema, akasimama. Njiani Tamim alitaka kumfariji, akakosa pa kuanzia, akamnunulia embe. Alilibeba mpaka nyumbani, likaozea mezani.

Mwaka wa tatu akaja Otema, kaka mkubwa wa Kidega, kutoka Kitgum. Alikuwa mzee wa fimbo sasa, kifua kinakoroma, na alikaa barazani muda mrefu akisifu sambusa kabla ya kusema kilichomleta.

"Shemeji, mimi nakwisha. Wewe naona. Kabla mimi kufa, lazima ndugu yangu nalala nyumbani."

"Hatukumpata, shemeji. Utamlaza nani?"

Otema akaeleza. Kwao, mtu akifia pasipojulikana, watu hutafuta tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning'inia kama soseji, likavikwa sanda na kuzikwa kwa jina lake. Roho hupata pa kutua, ikaacha kuzunguka.

"Na kama yu hai?"

Mzee alitazama chini. "Shemeji. Yule nakula sindano kila asubuhi. Sindano ilibaki hapa nyumbani kwako, sivyo?"

Ilibaki. Ilikuwa bado kwenye mtungi wa udongo wenye maji, alimoihifadhi ibaki baridi, na kila siku chache alibadilisha maji. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemtamkia kwamba bila sindano hiyo Kidega asingeweza kuishi. Aliingia ndani, akakaa kitandani, na alipotoka alisema, "Sawa. Tuzike."

Mazishi yalikuwa Kitgum, na Alal alikuja kutoka Juba kwa barabara. Amekonda, amekata nywele. Walisalimiana mbele ya watu, wakakaa kwenye mkeka mmoja na wanawake wa Kiacholi, na katikati yao akakaa mtoto mmoja wa ukoo, jambo lililowafaa wote wawili.

Tunda lilikuwa limevikwa shuka jeupe, na juu yake koti la bendi lenye vifungo vya shaba. Kabla ya kulishusha, Otema alimwita Maimunah alipakate kidogo, aage. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, tena la baridi. Alilishika kama mtoto mchanga kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kulishika. Wanawake walikuwa wakilia kwa sauti. Mzee Otema aliinama kaburini akasema kwa Kiacholi, na mtu akamtafsiria sikioni: "Kidega, umetembea sana. Ingia ndani." Maimunah alingoja machozi. Alilitafuta lile lililoahidiwa, kutua kwa roho, mlango kufungwa, chochote. Alichokisikia ni uzito wa tunda mikononi na mchwa mmoja akimpanda mguuni. Alisoma Fatiha kimoyomoyo, kwa tunda la mti, akaona haya, akaimaliza hata hivyo.

Jioni, watu wakila, Alal alimkuta nyuma ya jiko.

"Sasa utaacha kwenda kule msituni?"

"Nitaacha."

"Mama, mimi nauliza kwa sababu Nabalayo hunipigia. Ananiambia unaingia mpaka kwenye mafunjo. Siku moja na wewe hutatoka."

Maimunah alikuwa hajui kama wawili hao huongea. Aliona hapo pana ufa, pana mahali pa kupitisha mkono. Akasema haraka, "Mwanangu, lile neno nililokwambia jikoni…"

"Neno gani?" Alal akauliza, macho makavu. "Mimi sikumbuki neno." Akaokota sufuria tupu, akaenda nayo kisimani. Alikuwa anakumbuka. Na mama yake alijua kwamba mtoto aliyekataa kukumbuka hawezi kusamehe, kwa kuwa hajakubali kwamba kuna deni. Kesho yake gari la Juba lilipita mapema, likamchukua.

Jumamosi iliyofuata Maimunah alikwenda Kisirye, ahadi au si ahadi. Hakubeba kitu. Nabalayo alikuwa na kundi la watoto wa shule, akampungia kwa mbali. Msitu ulikuwa ule ule, unyevu ule ule, kima juu. Alitembea akifikiria unga uliokwisha nyumbani, na bei ya mafuta ya kukaangia, na mguu unaomuuma. Alipokanyaga mbao za daraja ndipo aliposhtuka. Gogo alikuwa amelipita. Hakulitazama, hakusimama, hakuita jina. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kulipita bila kuita.

Alishika ukingo wa daraja akasubiri kitu kimjie, uchungu au nafuu. Maji ya chini yalikuwa membamba, ya rangi ya chai, yanakwenda taratibu kwenye mafunjo. Watoto wa shule wakamfikia, wakapita wakiimba kwa fujo, mwalimu wao akamwambia, "Shikamoo, mama, naona unafurahia matembezi." Maimunah akajibu, "Marahaba." Akaimalizia njia, akatoka, akarudi Kyebando. Hakwenda tena. Hakuwa amekubali wala kusamehe. Miguu tu ilikuwa imekwisha kujua kwamba hakuna wa kuitwa.

Bado anakaanga sambusa. Wateja wapya wa Kyebando humwita mjane, naye huitika. Siku za gwaride, bendi ikisikika kutoka kwenye redio ya jirani, huingia ndani akashughulika na vyombo. Otema alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata, na Kitgum hakuna tena anayempigia simu.

Alal hupiga mara moja moja, Jumapili.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula. Huku joto sana."

"Huku mvua."

Kisha huja ukimya, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, mpaka mmoja aseme mtandao ni mbaya, ingawa mtandao ni mzuri kabisa.